Treni Iliyopanda Kibosho

Niliolewa na mtu wa safari. Mume wangu alikuwa dereva wa treni, na ujana wetu wote ulikuwa wa kuondoka na kurudi. Leo yuko Moshi mjini, kesho Same, keshokutwa Tanga, halafu jioni moja mbwa anabweka na yeye huyo mlangoni, amebeba machungwa ya Muheza na nguo zinazonuka dizeli. Anakaa siku mbili tatu, analala, anakula, anawauliza watoto wamefundishwa nini, kisha anateremka tena mjini kwenda stesheni. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku Kibosho. Nilikuwa na darasa langu, ng'ombe wangu, na kihamba cha migomba na kahawa nilichokisimamia mwenyewe. Serikali ya nyumba ile ilikuwa mimi. Wanawake wenzangu walinihurumia kwa kuwa na mume asiyekaa nyumbani, nami niliwaacha wanihurumie, maana huruma hailipiwi kodi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezoea, na mtu anayekuja kama mgeni hana nafasi ya kukuudhi.

Kisha reli ikaanza kuchoka. Mabasi yalijaa barabarani, abiria wakayahamia, treni za abiria zikasimamishwa, na watu wakapunguzwa kazini. Ilikuwa miaka ile ambayo kila mahali kulikuwa na kupunguzwa. Bei ya kahawa nayo ilikuwa imeanguka hadi watu wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Mume wangu alipanda mlima na sanduku lake la bati, akalisukuma chini ya kitanda, akakaa.

Wahenga wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilimpa jembe. Alilima vizuri tu, ila alilima palipokuwa na maharage yangu. Nikampa ng'ombe, akawalisha majani ya kesho leo. Nilipomsema alinyamaza, na hapo ndipo shida yenyewe ilipoanza, kwa sababu hakutoka tena kwenye kunyamaza. Hakuwa mlevi, hakuwa mkorofi, hakuwa mgonjwa. Alikuwa anakaa barazani akiangalia bonde la Moshi kule chini, na ukimuuliza jambo anajibu ndiyo, hapana, au sawa. Akitumwa mjini alizunguka njia ndefu ili asipite mbele ya stesheni.

Nilipokuwa bado nafundisha niliweza kuvumilia, kwa sababu nilikuwa na watoto wa watu wa kuwapigia kelele. Lakini mimi nami nikastaafu. Sasa tukawa wawili ndani ya nyumba, asubuhi mpaka jioni, watu waliooana zamani na hawajazoea kushinda pamoja hata wiki mbili mfululizo. Nikaanza kuogopa. Niliogopa kwamba tutakaa hivyo, kila mmoja akimsubiri mwenzake atoke ili apumue, mpaka mmoja wetu azikwe kwenye migomba na mwingine aseme maskini, sikumfahamu.

Binti yetu anayefanya kazi Dar es Salaam alituletea kompyuta ya zamani ya ofisini kwao, ile kubwa yenye kioo kilichotokeza tumbo nyuma. Alisema itatuchangamsha. Ilikaa sebuleni imefunikwa kitambaa cha kufuma, na kazi yake kubwa ilikuwa kubebeshwa picha ya Bikira Maria. Umeme wetu ulikuwa wa kupanda na kushuka, kwa hiyo siku moja nikateremka mjini kutafuta stabilaiza kabla kitu cha watu hakijaungua.

Duka nililoingia lilikuwa la Singasinga mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Moshi, ambaye zamani aliuza redio na cherehani. Mageuzi yalipokuja alizisogeza redio pembeni akajaza kompyuta. Kichagga cha kupatana bei alikijua kuliko wanangu. Nilimkuta ameinamia kompyuta yake, na kwenye kioo treni ilikuwa inakata kona. Reli zilionekana mbele, nguzo zinapita, daraja linakuja. Aliniambia kuna watu Ulaya na Marekani wanaoendesha treni hivi nyumbani kwao, wamejitengenezea mpaka viti na vishikio, na wanagombana kabisa kuhusu programu ipi inafanana zaidi na kweli.

Pale pale nikapata wazo, na sitalipamba: nia yangu haikuwa ya kitakatifu. Nilitaka mume wangu aende safari. Nilitaka anapokuwa sebuleni ahesabike kwamba yuko Korogwe.

"Ya wajukuu, mwalimu?" aliniuliza.

Nikamwambia ni ya mzee, na nataka iliyo ya kweli. Akanitolea sidii tatu, akazipanga juu ya kaunta. Alianza kunisifia picha za moja baada ya nyingine, jinsi majani ya miti yanavyotikisika na maji yanavyong'aa. Nikamkatiza kwamba mume wangu alikuwa dereva, si mpiga picha, na miti tunayo. Nilimuuliza ipi ina safari ndefu kuliko zote. Akacheka mpaka akashika kaunta. Alisema nichukue mbili kwanza nikazijaribu moja moja, na nikirudisha bila mikwaruzo hatutagombana.

Nilianza na ya Kijapani, kwa sababu ilikuwa na nidhamu. Ni treni ya mjini, inasimama kila baada ya muda mfupi, na ukichelewa kidogo tu au ukipitiliza alama ya kusimamia, inakukata maksi. Niliipenda sana. Mume wangu alipoona treni kwenye kioo alikwenda kunawa mikono, akarudi akiipangusa, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Stesheni ya kwanza alipitiliza alama kwa hatua moja. Mashine ikalia, maksi zikashuka. Ya pili alisimama kabla ya alama, ikalia tena. Aliendelea hivyo mpaka maksi zikaisha, akasimama, akarudi barazani.

"Hiyo inataka mwanafunzi," akasema, na ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizosema wiki ile.

Ya Kimarekani ilimfaa zaidi, au nilifikiri hivyo. Ni jangwa tupu, mabehewa ya mizigo yasiyo na mwisho, na hakuna wa kukukata maksi. Niliona mabega yake yanalegea. Nikaenda kukata majani ya ng'ombe nikiimba. Niliporudi nilimkuta ameinua mikono yote miwili mbele ya kifua na hagusi kitu. Kipimo cha mwendo kilikuwa cha maili, yeye alikisoma kwa kilomita kama alivyozoea, akaingia kwenye kona kwa kasi isiyo yake. Mabehewa yalikuwa yamelala kwenye mchanga moja juu ya jingine. Chini ya kioo kulikuwa na maneno yanayouliza kama anataka kuanza upya.

"Gadi wangu yuko wapi?" akaniuliza.

Gadi ndiye mtu anayekaa behewa la mwisho kabisa. Nilimwambia hakuna gadi, ni mchezo, bonyeza hapa inaamka yote salama. Alinitazama kwa namna ambayo ilinitia aibu kwa niaba ya Wamarekani wote. Hakula chakula cha mchana. Kesho yake niliteremka mjini nikazirudisha sidii zote mbili, na nilipokuwa njiani nilielewa kwamba sikuwa nimempelekea mume wangu mchezo. Ningeweza kumvunja kabisa kwa kitu hiki, na nilikuwa nimekichezea kwa sababu zangu za kutaka nafasi sebuleni.

Kwa hiyo safari hii nilikaa chini dukani, nikamwambia Singasinga anieleze ile ya tatu polepole. Ilitoka Ulaya. Ilikuwa na reli moja tu ya milimani, njia ya kwenda na kurudi ni hiyo hiyo, na stesheni ndogo ndogo ambazo treni hupishana. Kichwa cha treni kilikuwa cha dizeli, cha zamani. Mvua za rasharasha, kondoo, ukungu. Kona zilikuwa nyingi hivi kwamba hata ungetaka kukimbia usingeweza, na ukikosea, treni inasimama tu, haianguki.

"Hii hakuna anayeitaka," akaniambia. "Inalala, mwalimu."

Nikamwambia anifungie hiyo hiyo.

Mume wangu alipoisikia injini ilivyowaka alifumba macho. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akainuka, akaihamisha Bikira Maria kwa heshima zote mpaka juu ya kabati, akaivuta meza hadi dirishani. Siku zilizofuata nyumba yangu ilikuwa na nyundo kuanzia asubuhi. Alichonga ubao wa kuweka kibodi. Alikata miguu ya kiti kizuri ili kiwe kwenye kimo anachokitaka, na alikikata bila kuniuliza. Mashine yetu ya kumenyea kahawa ilikuwa imekaa bila kazi misimu kadhaa, maana kahawa yenyewe haikulipa hata jasho la kuichuma, basi akafungua kishikio chake cha chuma, akakisugua kutu, akakifunga kwenye ubao upande wa kushoto. Hakikuunganishwa na kitu chochote. Alikisukuma mbele kwa mkono wa kushoto na wakati huo huo akabonyeza kitufe kwa wa kulia. Nilipomuuliza kina kazi gani alinijibu kwamba mkono lazima uwe na kitu.

Ikafika siku ya kuondoka. Alivaa koti lake la kazini, akakaa, akawasha. Mimi nilikuwa jikoni, jengo la nje mkabala na dirisha la sebule, na nilikuwa na raha ya ajabu. Nilimsikia akinguruma mule ndani. Nilimenya ndizi, nikabandika chungu, injini ikawa inanguruma tu. Nikapika, nikaipua, inanguruma. Nilipokwenda kumwita kula nilikuta treni iko pale pale stesheni ya kwanza na mvua inainyeshea.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu nilishindwa. Nilidhani mashine imekwama, nikaingia, nikaona haijakwama. Mbele ya treni taa ya ishara ilikuwa ya kijani, na hata mtoto wa chekechea angejua maana yake. Nikamwambia hivyo.

"Taa si kibali," akasema.

Nikamwambia anieleze, na alieleza, kwa sentensi nyingi zenye mwanzo na mwisho. Njia ni moja. Ukitoka hapa na mwenzako akatoka kule, mtakutana katikati, na treni haikwepi. Kwa hiyo stesheni masta wa hapa lazima azungumze kwa simu na wa stesheni ya mbele, wakubaliane kwamba njia ni tupu, ndipo anakutolea kibali. Kwao kilikuwa kipande cha chuma ndani ya kimfuko cha ngozi, kimefungwa kwenye pete kubwa ya waya, na dereva hukidaka kwa kupitisha mkono ndani ya pete. Kibali cha kipande kile cha njia huwa mikononi mwa dereva mmoja. Ukiwa nacho, njia ni yako. Usipokuwa nacho, hutoki, hata aje askofu.

Nilimwambia huku mbele hakuna treni nyingine, ni kompyuta.

"Unajuaje?" akaniuliza.

Mimi si mtu mvumilivu, na nimefundisha darasa la pili miaka mingi bila kushindwa na swali. Nilitoka kwa hasira hadi jikoni, nikachukua ngata yangu ukutani, ile pete ya majani makavu ya mgomba ninayoiweka kichwani nikibeba mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikarudi nayo nikamvisha mkononi mpaka kwenye kiwiko.

"Kibali hicho. Nenda."

Nilitegemea achukie. Aliitazama ile ngata, akaigeuza, akaniuliza bila kutania kama nimeongea na stesheni ya mbele. Nikasema nimeongea. Akauliza nani yuko zamu kule.

"Mimi," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Alisema aika mae, asante mama, kama anavyosema nikimpa chakula. Akaachia breki, akasukuma kile kishikio cha kahawa, na treni ikaondoka. Nilisimama pale mlangoni nikiwa na maganda ya ndizi kwenye kanga. Niliona mlima wa watu wengine unaanza kusogea, na mgongo wa mume wangu ukanyooka kama siku nilipomwona mara ya kwanza.

Sasa, mimi nilifikiri nimemaliza. Nilikuwa nimefika tu jikoni nikasikia honi, mara mbili, ndefu. Amefika stesheni ya pili na anataka kukabidhi kibali na kupewa kingine. Nikakimbia na mikono ya utomvu wa ndizi. Nilitaka nimrudishie ngata ile ile lakini hakukubali, kwani kila kipande cha njia kina kibali chake. Ilibidi nisuke ngata nyingine kwa kanga kuukuu, na baadaye ya tatu kwa kamba ya katani, ili asichanganye. Hivyo ndivyo nilivyokuwa stesheni masta wa stesheni zote, peke yangu, bila mshahara, na huku nakamua ng'ombe.

Alizipa stesheni zile majina ya kwetu. Ya kwanza ikawa Moshi, ya pili Kahe, na kuendelea mpaka Tanga, ingawa kwenye kioo kulikuwa na kondoo na kanisa la mawe. Nilipokuwa nikimfikishia kibali alikuwa ananiambia kitu kidogo cha mahali pale. Kule Kahe alikuwa akisubiri mno, na akina mama waliomzoea walimletea mahindi ya kuchoma mpaka dirishani. Kwingine alisimamisha treni nzima kwa sababu ya punda aliyelala katikati ya reli, na abiria wakashuka wakampigia makofi punda. Nilianza kukawia pale mlangoni. Chungu kiliungua mara mbili.

Siku moja, akiwa anasubiri Moshi, aliniambia kwamba zamani kila alipotoka stesheni alfajiri aligeuza shingo kutafuta mnara wa parokia yetu huku juu, akauona akajua nyumba iko kushoto kidogo ya hapo, ndipo akatazama mbele. Nikamwambia kwamba alfajiri tulivu honi yake ilifika mpaka jikoni, na nilikuwa nasimama na kuni mkononi mpaka ikome. Hatukuwahi kuambiana. Tulikuwa tumezaa watoto watatu na kuwasomesha, na jambo hilo lilikuwa linasemwa leo, kwa sababu ya ngata. Nilifurahi kupita kiasi, nikamkemea kwamba anachelewesha treni.

Kijiji nacho kilisikia. Wifi yangu, dada yake mume wangu, ambaye kihamba chake kinapakana na chetu, alikuja kuuliza tangu lini treni imepanda Kibosho. Nilimwonyesha. Alimtazama kaka yake na koti lake, akanitazama mimi na ngata mkononi, akasema Mungu ni mwema, kila mtu anapewa mzigo wake. Jumapili ile kwenye sala za jumuiya mtu mmoja aliomba tuwakumbuke wazee wanaosumbuliwa na upweke, halafu akanitupia jicho. Nikaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Lakini zamu ni zamu, na mimi nilikuwa nimeajiriwa bila likizo. Ilifika asubuhi ya ubatizo wa mjukuu wa dada yangu kule Mwika. Nilipaswa kuondoka mapema na wifi. Ng'ombe alikuwa amepiga teke ndoo ya maziwa, gauni langu halijapigwa pasi, na honi ikalia mara mbili. Nikaendelea kuosha ndoo. Ikalia tena. Ya tatu iliponikuta nikiwa na povu mkononi nilisimama uani nikasema kwa sauti iliyofika kwa wifi.

"Mimi si mwajiriwa wa reli! Bonyeza kitufe uende zako."

Honi haikulia tena. Nilivaa, nikamwekea chakula mezani kimefunikwa, nikaondoka bila kumuaga. Njia nzima nilikuwa namsema. Wifi alinisikiliza mpaka akachoka, akasinzia. Nilisema kwamba mwanamume akiwa mbali ni mzigo na akiwa karibu ni mzigo, na kwamba mimi nilimtafutia safari ili nipumzike, na safari yenyewe imenigeuza mtumishi. Kule Mwika nilikula, nikacheza, nikabeba mtoto. Nilisimulia habari za ngata na wanawake wakacheka mpaka wakajipangusa machozi, nami nikacheka nao. Ila katikati ya kucheka nilijikuta nataka kumsimulia yeye jinsi walivyocheka, na hiyo ilinishangaza, kwa sababu sikuwa mke wa kuwa na la kumsimulia mume.

Tulirudi jua likiwa bado liko juu ya bonde. Kutoka njia panda nilisikia mngurumo. Umeme wa siku ile haukukatika hata mara moja, ajabu ya pekee. Nilivuka uani, nikaingia sebuleni na viatu vyangu vya misa.

Alikuwa amekaa kwenye kile kiti kilichokatwa miguu, na koti amevaa. Sahani ya chakula ilikuwa pembeni, imeliwa na imepangiliwa vizuri. Kwenye kioo treni ilikuwa imesimama Kahe. Mvua ilikuwa inanyesha, taa ya kijani inawaka, kondoo wale wale. Hakuwa ametoka tangu asubuhi.

Hasira ilinirudia yote. Nilimuuliza kama amerukwa na akili, mtu mzima kukaa kutwa nzima mbele ya taa ya kijani wakati kitufe kiko chini ya kidole chake. Nilisema maneno mengi. Yeye alisubiri nimalize, kama alivyofanya siku zote, na nikajua sasa atasema sawa, halafu tutarudi kule kule tulikotoka. Aligeuka na kiti chake kifupi, akaniangalia kutoka chini.

"Wewe umenisubiri miaka yote ile," akasema. "Mimi mchana mmoja unishinde?"

Nilisimama na mkoba mkononi. Nililia, na sikujificha jikoni kama nilivyokuwa nikifanya enzi zile treni ikichelewa siku nzima na hakuna mtu wa kuniambia kwa nini. Nilikuwa nimejidanganya kwamba nilipenda ile miaka. Nilikuwa nimeizoea tu, na kuzoea si kupenda, na mtu pekee aliyekuwa amelijua hilo ni huyu niliyedhani hajui chochote cha nyumba ile. Hakuinuka kunibembeleza, maana hakuwahi kujifunza. Alinipa leso yake ya kufutia kioo.

Nilipomaliza nilikwenda jikoni nikachukua kibali cha Kahe, ile ngata ya kanga. Nilipokuwa narudi nikabeba na kigoda. Nilimvisha mkononi, kisha nikakiweka kigoda upande wake wa kulia, nikavua viatu, nikakaa. Sikuwahi kupanda kichwa cha treni maisha yangu yote.

Alishika kishikio, lakini hakukisukuma. Aliniuliza, ikiwa stesheni masta yumo humu ndani, huko mbele nani atatupa njia.

"Tukifika huko tutasubiri," nikamwambia.

Akaachia breki.